Posho ya Wanaume

Koku tulimzika Kamachumu, mvua ikinyesha kwa ile namna ya kwetu ya kutoomba ruhusa ya mtu. Wasemaji walikuwa wengi. Mmoja alimsifu kwa sala zake, mwingine kwa kibanja chake, kwamba migomba yake ilikuwa minene kuliko ya wanaume waliomzunguka, na mwenyekiti wa kitongoji alisema marehemu hakuwahi kumpa kesi ya kuamua. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai pamoja na wazee wenzangu, miguu imevimba, nikingoja mtu mmoja aseme neno juu ya kiwanda. Hakuna aliyesema. Mjukuu wa Koku, binti mrefu anayefanya kazi ofisini Bukoba, alikuja kunifunika shuka magotini, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, wewe na marehemu mlijuana wapi?" Nikamjibu, "Kazini." Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mzee aliyeanza kuchanganya mambo. "Lakini bibi yangu hakuwahi kuajiriwa," akasema. Kabla sijamjibu, padre alianza kunyunyiza maji ya baraka na yule binti akaitwa kwenda kusimama na familia. Basi jibu lake naliandika hapa. Ni la mwaka mmoja tu, wakati wa Waingereza, miaka michache baada ya vita vikubwa vya pili, nilipokuwa msichana na Koku amenizidi umri kidogo.

Tulipanga chumba kimoja Kitendaguro, nyumbani kwa Bi Zubeda na mume wake Mzee Hamisi, fundi cherehani. Babu yake Mzee Hamisi alikuja na misafara kutoka pwani, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Bukoba na aligomba kwa Kihaya kama mtu yeyote wa hapa. Chumba chetu kilitenganishwa na chao kwa ukuta wa matete uliokandikwa udongo upande mmoja tu, upande wao, kwa hiyo kila walichosema tulikisikia. Kitanda kilikuwa kimoja. Dirisha lilitazama migomba, na mvua ilipopiga majani yale tulilazimika kupaza sauti ili tusikizane. Jioni tulipika ndizi na maharage, au ndizi na dagaa wa ziwani tukibahatika, na siku ya Ijumaa Bi Zubeda alitupitishia wali kwenye sahani ya bati huku akitulaumu kwamba tumekonda. Msimu wa senene alikaa nasi mlangoni kuwanyonyoa mbawa, akicheka na kusema kwamba kama mama mkwe wake wa pwani angemwona anakula wadudu, angedai talaka kwa niaba ya mwanawe. Nikikumbuka mwaka ule, chumba kile hunijia kwanza, kabla ya kiwanda, nadhani kwa sababu ndani yake hakuna mtu aliyetuuliza sisi ni wa daraja gani.

Kiwanda kilikuwa chini, karibu na ziwa. Ukumbi wa kuchambulia kahawa ulikuwa mrefu kama kanisa, na wanawake tulikaa kwenye vigoda mbele ya meza ndefu. Buni zilimwagwa mbele yetu, nasi tukatoa nyeusi, zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu, vidole vikienda haraka kuliko macho. Vumbi la maganda lilikaa kooni hata siku za Jumapili, na kanisani ungeweza kuwatambua wachambuaji kwa kikohozi. Kuzungumza kulikatazwa. Kuimba kuliruhusiwa, kwa sababu nyampara wetu, Bwana Petro, aliamini wimbo unaharakisha mikono. Tulilipwa kwa gunia lililosafishwa, na gunia likikataliwa na mkaguzi kazi ile ilikuwa bure. Sote tuliitwa vibarua, hata Ma Verdiana, aliyeanza kuchambua pale kabla ya vita na ambaye mgongo wake ulikuwa umechukua umbo la ile meza. Upande wa pili wa uwanja lilikuwepo banda la wanaume, waliochekecha, walioshona midomo ya magunia na walioyabeba. Hao waliitwa wenye kazi. Walikuwa na mshahara wa mwezi, blanketi, matibabu kwa gharama ya kiwanda, na kila Jumamosi walipewa posho: unga wa mahindi, maharage na chumvi. Tulipotoka Jumamosi mchana tulipita pembeni ya foleni yao, mikono mitupu, na ninakiri kwamba miezi ya kwanza sikuona ajabu yoyote. Niliona kama vile mtu anavyoona kilima.

Aliyeona ni Koku. Mwanzoni mwa mwaka ule alikuwa amefiwa na mume wake, mpagazi wa bandarini, kijana mwenye nguvu ambaye kifua kilimmaliza kati ya Krismasi na Kwaresma. Alirudi kazini siku chache baada ya tanga, kwa sababu kibarua asiyefika hukuta kigoda chake kina mtu. Ikatokea mshonaji mmoja wa magunia, Felisiani, akashikwa na homa kali akalazwa, na wakati huohuo meli ilikuwa inangojwa. Bwana Petro alizunguka ukumbini akiuliza nani anajua kushona. Koku alinyanyua mkono. Akavushwa uwanja, akapewa ile sindano kubwa iliyopinda na kamba ya katani, na mpaka jioni alikuwa amewafikia wanaume wale waliokuwa wakimcheka asubuhi. Alishona wiki baada ya wiki. Jioni alirudi Kitendaguro viganja vimechanika, anaviloweka kwenye maji ya chumvi, na akila alishika kijiko kama mtoto. Lakini alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba.

Jumamosi ya kwanza alisimama kwenye foleni ya posho na kikapu chake. Nilikuwa napita na wenzangu, tukasimama kutazama. Karani alipofika kwake akainua kichwa.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nimefuata posho yangu."

"Posho ni ya wanaume."

"Posho ni ya anayeshona magunia, waitu," Koku alisema kwa heshima zote. "Felisiani alipewa kwa kushona, hakupewa kwa kunyoa ndevu."

Foleni nzima iliangua kicheko. Hata karani alicheka. Kisha akafuta macho, akamwambia asogee pembeni, wenye kazi wanangoja. Koku akasogea. Alisimama pale pembeni na kikapu chake mpaka mtu wa mwisho alipohudumiwa na mlango ukafungwa, na sisi tukasimama naye, kwa sababu hatukujua la kufanya.

Bwana Petro hakuwa mtu mkatili. Aliahidi kuuliza juu, na kweli aliuliza. Alirudi na majibu, akamwita Koku nje ya banda nami nikiwa naye.

"Meneja anasema mwanamume hupewa posho kwa kuwa ana mke na watoto wa kulisha," alisema akitazama viatu vyake. "Mwanamke analishwa na mume wake."

"Mume wangu yuko makaburini."

"Hilo nalo nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema pole sana."

Jioni ile Koku hakula. Bi Zubeda alipomsihi, alisema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote. "Unga wa mahindi hata siupendi, Bi Zubeda. Wahaya gani sisi tunaolilia ugali? Nilitaka tu uwe wangu, halafu mimi mwenyewe niukatae." Baadaye, tukiwa tumelala kimya, tulimsikia Mzee Hamisi upande wa pili wa matete akisema, "Ungewaambia hawa watoto waachane na jambo hili. Watafukuzwa." Bi Zubeda akajibu, "Nimewaambia waache. Kisha nikawaambia wasiache. Hata sijui nimewaambia nini." Hapo Koku alinigusa bega, nikahisi kitanda kinatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Wanawake waliamua tuende wenyewe kwa meneja. Walichaguliwa Koku, Ma Verdiana na mimi, kwa sababu nilikuwa nimesoma kidogo kwa masista na Kiingereza nilikimudu. Meneja Mwingereza alijua Kiswahili, lakini kilikuwa Kiswahili cha kuamrisha, hakikuwa na maneno ya kueleza jambo. Tulipoingia ofisini alisimama. Akatuonyesha viti. Hakuna mkubwa aliyewahi kusimama kwa ajili yetu wala kutupa kiti, na kwa kuwa hatukujua kama ni mtego, tulibaki tumesimama, naye akabaki amesimama, na mazungumzo yote yakaenda hivyo, watu wanne wima kuzunguka meza inayonuka nta. Nilieleza. Nilieleza vizuri, nasema bila haya, nilikuwa nimejifunza maneno yangu njia nzima kutoka Kitendaguro: kazi ni ileile, magunia ni yaleyale, jasho ni lilelile, basi malipo na posho viwe vilevile, na anayechambua miaka mingi asiitwe kibarua, na mgonjwa atibiwe, awe mwanamke au mwanamume. Alisikiliza bila kunikatiza. Alisema anaelewa. Alisema lau ingekuwa juu yake, huenda mambo yangekuwa mengine, lakini viwango hupangwa na wakubwa wake.

"Muulize, wakubwa wake walishawahi kufika hapa?" Koku aliniambia.

Hawakuwahi kufika. Meneja alieleza kwamba wao humwuliza yeye desturi ya mahali hapa ni ipi, kisha hupanga kwa kuifuata. Na desturi ya hapa ni kwamba wanawake hawalipwi kama wanaume.

"Muulize desturi hiyo aliianzisha nani."

Nikauliza. Akatazama dirishani, kule ziwani. "Niliikuta," akasema.

"Anasema aliikuta," nikatafsiri.

"Na sisi tulimkuta yeye," Koku akasema kwa Kihaya. Hiyo sikuitafsiri. Tukamuaga, akatufungulia mlango.

Nimekutana na watu wabaya maishani, na mtu mbaya unamshika mahali, hata kwa chuki tu. Meneja yule sikujua nimshike wapi. Alikuwa mpole, na alituaga kwa majina yetu, ambayo aliyauliza na kuyarudia mpaka akayapata. Tulipotoka nje, Ma Verdiana alisema kwa mshangao, "Lakini ni mtu mzuri," akakaa chini kwenye nyasi kana kwamba amebebeshwa mzigo.

Felisiani alipona akarudi kwenye sindano yake, na mshahara wa siku zote alizolala hospitali alipewa. Koku akarudishwa mezani kwetu. Jumamosi iliyofuata, tukiwa tunamenya ndizi uani, tulimwona Felisiani anaingia na kikapu kichwani. Alikitua mbele ya Koku. Kilikuwa na unga na maharage.

"Hiki ni chako," alisema. "Ulinifanyia kazi yangu."

"Hicho ni cha watoto wako, Felisiani."

"Sikukuletea huruma, Koku. Nakuletea haki yako."

"Basi kawaambie wao kwamba ni haki yangu. Wewe watakusikia."

Felisiani alikuwa mtu mfupi, mwenye aibu, na homa ilikuwa imembakiza macho tu. "Nikisema," akajibu, "nitatoka mimi, na wewe hutaingia." Alikuwa anasema kweli, sote tulijua. Koku alikisukuma kikapu kwa mguu taratibu kuelekea kwake, naye akakisukuma kurudi, mpaka Bi Zubeda akatoka jikoni, akakinyakua akisema yeye hana kiburi na jioni hii watu watakula ugali. Tukala. Koku naye alikula, tonge moja baada ya jingine.

Wakati huo siri yake nilikuwa ninaijua. Marehemu mume wake alikuwa amemwachia mimba. Mwanamke mwenye tumbo hakuruhusiwa kiwandani. Bwana Petro akiliona tu, unatoka, na hakuna ahadi kwamba ukijifungua utapokewa. Asubuhi nilimfunga Koku kitambaa tumboni, akivuta pumzi na kuniambia, "Kaza." Mezani wanawake walimweka katikati, kati ya wanene wawili. Alipochoka, mikono ya jirani ilipita mbele yake ikichambua sehemu yake, na wimbo ukaongezwa sauti ili nyampara asitazame. Ukumbi mzima ulilibeba tumbo lile miezi kadhaa. Hatukuwahi kulizungumzia. Nikiulizwa leo nini kilikuwa kizuri katika mwaka ule, nitasema ni ile mikono.

Lakini tumbo halifichiki milele. Asubuhi moja Bwana Petro alisimama nyuma ya Koku, akamwambia ainuke. Koku akainuka. Nyampara alimtazama, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Nenda nyumbani, mama." Ndipo Ma Verdiana akainuka pia. Mgongo wake haukunyooka, lakini aliinuka. Nikainuka mimi, wakainuka waliokuwa pembeni, kisha meza baada ya meza, vigoda vikikwaruza sakafu kwa kishindo ambacho bado ninakisikia. Tukatoka nje, tukakaa uwanjani. Hatukuwa tumepanga. Tuliketi kwenye jua, buni zimeachwa mezani, na kwa muda mfupi, labda kwa muda wa kusali rozari moja, nilikuwa na hakika kwamba tumeshinda.

Kila asubuhi nje ya lango palikuwa na wanawake wanaongoja nafasi. Walitoka Kitendaguro, Maruku, wengine waliteremka kutoka Muleba wakalala kwa ndugu. Tulizoea kupita katikati yao bila kuwatazama, na sisi wenyewe tulikuwa tumewahi kusimama pale. Bwana Petro aliitwa ofisini, akatoka, akaenda moja kwa moja langoni akalifungua. Hakupiga kelele, hakuita polisi. Alisema tu kwamba nafasi zipo. Wakaingia. Walipita katikati yetu, wengine wakikimbia, wengine wamejifunika nyuso kwa khanga. Mmoja nilimfahamu, Anastella, tuliyepata naye kipaimara siku moja. Alikuwa na mtoto mgongoni. Alisimama mbele yangu.

"Adelina," akasema, "nifanyeje?"

Nilikuwa nimeweza kumjibu Mwingereza kwa lugha yake, lakini kwa Anastella nilikosa neno. Angekataa, watoto wake wangekula nini? Angeingia, sisi tungekula nini? Akaingia, machozi yakimlengalenga. Kabla ya mchana tulisikia wimbo unatoka ukumbini, wimbo uleule tuliouimba sisi kila siku, na tulipousikia baadhi ya wenzetu wakaanza kuinuka mmojammoja kwenda kumwomba nyampara. Wengi walirudishwa kazini wiki ileile. Koku, Ma Verdiana na mimi tuliambiwa tusisogee tena langoni.

Koku alijifungulia chumbani kwetu, Bi Zubeda akiwa mkunga na Mzee Hamisi akizunguka nyumba kwenye mvua akisoma dua. Alikuwa mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi. Nguvu zilipomrudia, Koku alipata nafasi juu ya lori lililokuwa linarudi Kamachumu tupu baada ya kushusha kahawa, akaondoka amekaa juu ya magunia yaliyokunjwa, mtoto kifuani, bila kugeuka nyuma. Ma Verdiana alirudi kwa kaka yake Maruku. Mimi nilibaki peke yangu katika kile chumba mpaka masista walipoletwa habari zangu, wakanitafutia kazi ya kufundisha shule ya kijiji, chini ya padre wa misheni, huko Muleba, mwendo usio mrefu kutoka Kamachumu. Darasa lilikuwa la udongo, lenye madawati ya magogo, na nilipewa watoto wengi kuliko walivyoweza kukaa. Tulikuwa walimu wawili, mimi na kijana mmoja mwenye elimu kama yangu, mtu mwema, aliyenigawia chaki zake.

Mwaka ukielekea kwisha Koku alikuja kunitembelea. Alikuwa anatoka kuchuma kahawa katika kibanja cha mtu, kucha zimekuwa nyeusi, mtoto amelala mgongoni. Nilimpa chai, tukaketi kwenye ngazi ya darasa, akanisimulia, nikamsimulia. Alizitazama zile herufi zangu ubaoni kwa muda. Yule mwalimu mwenzangu akapita na baiskeli yake mpya, akatuamkia. Koku akamfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye migomba.

"Mnafundisha sawasawa, wewe na huyu?"

"Sawasawa. Mimi nina watoto zaidi."

"Na wanawalipa sawasawa?"

Nikatikisa kichwa.

"Ulimwuliza padre?"

"Nilimwuliza. Alisema mwenzangu ni mwanamume, ataoa."

Koku alimfungua mtoto mgongoni, akampakata, akampa ziwa.

"Na wewe, Ade," akasema, "wewe uliyetusemea, ulimjibuje?"

"Nilisema asante."